Mgeni na Jembe: Utalii wa Vijijini katika Mkoa wa Tanga

(Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya madiwani, walimu, wanafunzi wa utalii na wakulima kutoka wilaya za Lushoto, Muheza na Pangani)



 Nimeombwa nizungumzie utalii wa vijijini kama njia ya kuyainua maeneo maskini, nami nimekubali kwa sababu jambo hili liko moyoni mwangu. Naona pia linazungumzwa kwa namna mbili ambazo zote hazitusaidii. Wapo wanaolipamba, kana kwamba kijiji kikiwa na maporomoko ya maji na bango barabarani, basi umaskini umekwisha. Na wapo wanaolibeza. Hao wanaona utalii ni habari ya tembo na simba, ni mambo ya Arusha, na kwamba mkulima wa kabichi wa Mlalo hana cha kumuuzia mgeni.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba utalii wa vijijini huinua kijiji pale unapokuwa soko la pili la shamba lililo hai, na pale kijiji chenyewe kinaposhika ardhi, uamuzi na daftari la fedha. Hayo yakikosekana wageni watakuja, watapiga picha na kuondoka, na kijiji kitabaki na vumbi la magari yao.

Sisi watu wa Tanga hatuna upungufu wa vitu vya kuonyesha. Tuna mapango ya Amboni na magofu ya Tongoni. Tuna Pangani na mto wake. Tuna Saadani, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako mbuga hukutana na bahari, na Mkomazi iliyopandishwa hadhi mwaka 2008. Tuna misitu ya Amani na Magamba, na Lushoto yenye baridi yake. Kwa hiyo leo sitatumia muda kuorodhesha vivutio. Swali langu ni nani hula matunda ya vivutio hivyo. Nina hoja tano. Mbili nitazikalia sana, na zilizobaki nitazipitia kwa mwendo wa haraka zaidi.

1. Tupime kinachobaki, si wanaopita

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5 kutoka nje, na utalii uliiingizia nchi dola za Marekani zipatazo bilioni 2.6. Ni fedha nyingi na taifa linazihitaji. Lakini hesabu ya nchi nzima haiwezi kumwambia mwenyekiti wa kijiji cha Mtae kama wiki iliyopita mtu wake yeyote aliuza hata yai kwa mgeni. Tunahitaji kipimo kinachoanzia chini.

Itazameni Mombo. Mchana kutwa mabasi na magari ya watalii hupita pale kati ya Dar es Salaam na Arusha. Mengine husimama, abiria wakala, wakanunua maji, wakaondoka. Wanaoliona pito la kupanda Soni hadi Lushoto, mwendo wa kilomita zisizofika arobaini, ni wengi mno. Wanaolifuata ni wachache. Tungekuwa tunapima wanaopita, Mombo ingekuwa mji tajiri.

Mwaka 2009 taasisi ya utafiti wa maendeleo ya Uingereza, ODI, kwa kushirikiana na shirika la Uholanzi la SNV, ilichapisha uchunguzi uliofuatilia fedha ya mtalii kaskazini mwa nchi yetu: inatoka wapi, inapita kwa nani, inaishia wapi. Iligundulika kwamba katika safari za kupanda Kilimanjaro, karibu asilimia 28 ya fedha iliyotumika hapa nchini ilifika mikononi mwa watu maskini. Katika safari za mbugani za kaskazini kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 18. Nawaomba mzishike namba hizo mbili, maana zina somo kubwa kwetu.

Kwa nini mlima uliwafikia maskini zaidi ya mbuga? Mlimani hakuna gari. Mzigo hubebwa na watu, na wakati ule wapagazi walikadiriwa kufika 10,000, mbali na waongozaji na wapishi. Ndizi, viazi na mboga za wapandaji hununuliwa katika masoko ya Moshi na vijiji vya jirani. Bakshishi hutoka mkononi mwa mgeni na kuingia mkononi mwa aliyembebea hema. Sisemi kwamba wapagazi wanalipwa vizuri. Wengi hawalipwi vizuri, na madai yao ni ya haki. Nasema tu kwamba kazi ya mlimani inahitaji mikono mingi ya wenyeji na chakula kingi cha wenyeji, na ndiyo maana fedha ilibaki.

Sasa turudi nyumbani. Katika msimu wa plamu, matunda yakiwa yamelala chini ya miti kwa kukosa mnunuzi, nimeketi katika hoteli ya milimani kwetu nikaletewa juisi ya boksi iliyotoka nje ya nchi. Sitaitaja hoteli hiyo, kwa sababu haiko peke yake. Mpishi aliniambia kwamba angependa kukamua plamu, ila mwenye hoteli anahitaji mtu wa kumletea kiasi kilekile cha matunda kila siku, yaliyooshwa, na risiti. Mkulima mmoja mmoja hawezi. Hapo ndipo tatizo lilipo, na halitatuliwi kwa bango. Linatatuliwa kwa wakulima kumi kukubaliana nani avune Jumatatu na nani Jumanne, mmoja wao akashika kitabu cha risiti, na wakalipana bila kudhulumiana.

Historia nayo inatufundisha jinsi thamani inavyoweza kututoka. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao ua dogo la zambarau kutoka misitu ya Usambara. Ua hilo likapewa jina la ukoo wake, likaenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani, na hadi leo linauzwa kwa mamilioni ya vyungu. Wajerumani hawajaficha asili yake, kwani jina lake la kawaida kwao limebeba neno Usambara. Lakini vijiji vilivyoutunza msitu lilikotoka havikupata sehemu katika biashara hiyo. Wanafunzi, mkikaa kuandika mipango ya utalii, lianzeni kila andiko kwa kuuliza: kitu hiki kikipendwa na dunia nzima, kijiji kitapata nini, na kitakipata kwa mkono gani?

2. Shamba kwanza, kitanda cha mgeni baadaye

Hoja hii ndiyo kiini cha mhadhara wangu.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Walikusudia kumfundisha mgeni asigeuke mzigo. Leo wako wageni wanaolipa ili wapewe jembe siku ya kwanza. Nendeni Materuni na vijiji vya Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mgeni huchuma kahawa, huitwanga katika kinu huku wenyeji wakiimba, huikaanga kwenye chungu, kisha huinywa papo hapo mgombani. Kahawa ileile ambayo mkulima angeiuza ikiwa mbichi kwa bei iliyopangwa mbali naye huleta kipato cha pili bila kuongeza hata ekari moja. Lakini sharti lake ni moja: lazima mibuni iwepo, iwe imepogolewa, na iwe inazaa. Mgeni hawezi kuchuma kahawa katika shamba lililotelekezwa.

Watu wa Italia waliliona jambo hili wakaliweka katika sheria. Mwaka 1985 Bunge lao lilipitisha sheria ya kile wanachokiita agriturismo, yaani kupokea wageni shambani. Sheria ile ilimpa mkulima ruhusa na nafuu ya kulaza wageni na kuwapikia, kwa masharti kwamba kilimo kiendelee kuwa kazi kuu na kupokea wageni kuwe tawi lake. Lengo lilikuwa kuwazuia watu wasihame mashambani, na kuyaokoa majengo ya zamani yaliyokuwa yanabomoka. Mtu mwenye hoteli ya kawaida hakuweza kujiita mkulima ili apate nafuu hizo. Nadhani tungefaidika sana kama halmashauri zetu zingeandika sheria ndogo kwa roho hiyohiyo: atakayepewa nafuu ya ushuru kwa kulaza wageni kijijini awe mkulima, mfugaji au mvuvi anayeendelea na kazi yake.

Mfano wa karibu zaidi ni Mto wa Mbu, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, jirani na Ziwa Manyara. Mji ule uko katika njia ya kwenda Ngorongoro na Serengeti, na kwa miaka mingi magari yaliupita tu. Mwaka 1995 ulianza mpango wa utalii wa kitamaduni, ulioendeshwa na SNV pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania, na Mto wa Mbu ukawa miongoni mwa maeneo yaliyoingia. Angalieni kilichowekwa mbele ya mgeni pale. Hakikujengwa kitu kipya. Mgeni hupelekwa katika mashamba ya mpunga yanayomwagiliwa na maji yatokayo kwenye ukingo, katika migomba ya aina nyingi, kwa mama anayepika pombe ya ndizi, kwa wachongaji wa Kimakonde waliohamia kutoka kusini, kisha anakula chakula cha mchana nyumbani kwa wenyeji. Watu wa makabila mengi walikuja Mto wa Mbu kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji, na ni kilimo hicho kilicholeta huo mchanganyiko ambao mgeni anaulipia. Ukiuondoa mfereji wa maji, mpunga utakauka, watu watatawanyika, na utalii wenyewe utakufa.

Mpango ule wa 1995 ulikuwa pia na Ng'iresi na Mulala, Longido, na kwetu huku Usambara na Pangani. Waholanzi walipomaliza muda wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, yako maeneo yaliyosimama na yako yaliyolegea. Nimezungumza na waongozaji wa maeneo kadhaa, na kwa maoni yangu yaliyosimama ni yale ambayo utalii uliyakuta watu wakiwa na kazi nyingine ya kuwalisha. Mwongozaji mwenye ng'ombe wawili na robo ekari ya mboga huweza kustahimili miezi ya mvua bila wageni. Asiye na kitu huhamia Arusha mvua za kwanza tu, na akirudi njia za msituni zimefunga.

Mkulima mmoja wa Lukozi ataniuliza, na ana haki: kabichi zangu nampelekea nani? Mgeni hali lori zima la kabichi. Ni kweli. Soko kuu la mboga za Lushoto litaendelea kuwa Dar es Salaam na Tanga. Ila mgeni anaweza kununua kile ambacho lori halikitaki: asali ya msitu, jibini, jamu ya plamu, mkate wa nyumbani, kikapu, chungu, mlo wa bada na mboga za kienyeji, na saa tatu za kutembezwa na mtu anayezijua njia. Mapato hayo ni madogo ukilinganisha na ya lori, ila yana sifa mbili ambazo lori halina. Huja taslimu, siku ileile. Na mara nyingi huingia mkononi mwa mama, si mwa baba. Akina mama hapa ukumbini wanaelewa vizuri tofauti hiyo inavyoonekana wakati wa kulipa michango ya shule.

Maarifa nayo ni zao. Katika misitu ya Usambara wako ndege wadogo wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wako watu wanaosafiri kutoka mabara mengine kwa ajili ya ndege mmoja tu, wanaamka saa kumi alfajiri, na hawalalamiki juu ya kitanda. Kijana wa Magamba anayemtambua ndege huyo kwa sauti yake, akiwa na darubini na lugha ya kumwelezea mgeni, ana mtaji ambao mwekezaji hawezi kuuchukua. Vijana kama hao tunao, na wengi walijifunza wenyewe kwa kuufuata mlio msituni. Vyuo vyetu vya utalii bado vinafundisha zaidi upangaji wa meza za hoteli kuliko elimu ya ndege, miti na historia ya Vugha, makao ya wafalme wa Kisambaa wa ukoo wa Wakilindi. Ndugu walimu, nalisema hili kwa upendo, na nalisema ili libadilike.

3. Ardhi isiuzwe, na uamuzi usitoke juu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mradi mkubwa katika bonde la Mlalo wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Watu waliamriwa kupiga matuta kwenye miteremko, na asiyefanya alishtakiwa. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli, na wataalamu hawakukosea katika hilo. Lakini wenye mashamba hawakuulizwa, na wanawake, waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya jembe, waliongezewa mzigo bila kushirikishwa. Watu waligoma, hasira ikachanganyika na siasa za kudai uhuru, na mradi ukafa kabla ya 1961. Wazee wa Mlalo waliohadithiwa na wazazi wao wako hapa, wanaweza kuwaeleza vizuri kuliko mimi. Mradi wa utalii utakaopangwa mkoani au wizarani na kuletwa kijijini ukiwa umekwisha kuamuliwa utafika palepale, hata ukiwa na nia njema.

Sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji wajibu wa kusimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na inautambua mkutano mkuu wa kijiji kama chombo cha kuridhia. Inatoa pia hatimiliki ya kimila kwa mtu, familia au kikundi. Tatizo ni kwamba vijiji vingi hukutana na sheria hiyo siku mwekezaji amefika na gari, akiwa na ramani, na mtendaji ana haraka ya kupata muhuri.

Ushauri wangu kwa vijiji vyenye vilele na maporomoko ni huu. Pimeni na muandike mpango wa matumizi ya ardhi kabla mwekezaji hajabisha hodi. Kilele kinachotazama nyika, kama vile vya Irente na Mtae, kiwekwe kuwa mali ya kijiji, na njia ya kukifikia ibaki wazi kwa watoto wa kijiji milele. Atakayetaka kujenga apangishwe kwa miaka inayojulikana, kwa kodi inayopanda, na mkataba usomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu, kifungu kwa kifungu, hata kama itachukua siku nzima. Najua kijiji ambacho leo mwanakijiji hulipa kiingilio ili kufika kwenye jabali ambalo babu yake alichungia mbuzi. Mzee aliyenionyesha jabali hilo alisimama nje ya uzio.

Kule Laikipia, Kenya, Wamaasai wa Il Ngwesi walichukua njia nyingine. Mwaka 1996 walifungua nyumba ya wageni katika ardhi yao ya pamoja, jengo na ardhi vikiwa mali ya jamii. Walipata msaada wa fedha na ushauri kutoka nje, na wamepitia ukame na misukosuko mingi tangu hapo. Lakini kila walipokosana, walikosana wao kwa wao, ndani ya mkutano wao, na waliweza kurekebisha. Uwezo huo wa kurekebisha mambo ninyi wenyewe ndio umiliki ninaousema.

4. Daftari liwe wazi

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu kila mmoja wetu anajua fedha ya pamoja inavyoweza kuwavunja watu.

Katika utalii wa kitamaduni, desturi ni kutenga sehemu ya malipo ya kila mgeni kwa ajili ya maendeleo ya kijiji. Desturi ni nzuri, lakini mwanakijiji haoni kiasi gani kimeingia. Nchini Uganda, jirani na msitu wa Kibale, watu wa Bigodi walianza mwaka 1992 kuwatembeza wageni katika kinamasi chao, na fedha hiyo ikasaidia kuanzisha shule ya sekondari. Kila mzazi aliliona jengo, akajua kinamasi kimefanya nini. Zanzibar, wakulima wa jirani na Jozani, ambao kima punju hula mazao yao, wamekuwa wakifidiwa kwa sehemu ya ada za wageni wanaokuja kuwatazama kima haohao. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya hifadhi kwa jamii zinazozizunguka, na mwaka 2017, ilipopandisha bei ya kuona sokwe wa milimani hadi dola 1,500, ikaipandisha sehemu hiyo kuwa asilimia 10. Mnaona, kiwango kinatamkwa, na watu wanaweza kukidai.

Kwa vijiji vyetu naomba kitu kidogo tu: ubao nje ya ofisi ya kijiji, wenye idadi ya wageni wa mwezi, fedha iliyoingia, iliyotumika na iliyobaki. Uandikwe kwa chaki na kijana anayesoma sekondari, si na mtunza fedha mwenyewe.

5. Mlango huu huweza kufungwa ghafla

Ndugu zangu wa Muheza wanajua ninachotaka kusema. Katika vijiji vinavyouzunguka msitu wa Amani, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mamia ya wanakijiji, wengi wao wanawake, walifuga vipepeo. Walipanda nyumbani miti ambayo viwavi hula, wakalea viwavi hadi kufikia hatua ya kujifunga, wakavipeleka kituoni, na vikasafirishwa kwa ndege hadi kwenye maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Wageni nao walikuja kuangalia mabanda. Ilikuwa kazi safi, iliyomfanya mwenye shamba aone faida ya msitu akiwa hana haja ya kuukata. Mwaka 2016 serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Nia ilikuwa kukomesha wizi wa wanyama wakubwa, na wizi huo ulikuwepo. Lakini kipepeo aliyefugwa na mama wa Amani aliingizwa katika kapu moja na twiga. Soko likafungwa kwa tangazo moja.

Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Wageni wa nje waliokuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 walishuka hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Wako vijana wa Arusha na Moshi waliouza pikipiki zao mwaka ule. Katika vijiji ambako jembe lilikuwa bado mlangoni, watu walirudi shamba na wakala.

Kutokana na hayo nachukua mambo mawili. Serikali isitoe amri inayogusa kipato cha vijijini bila kuwatofautisha wanaofuga na kupanda kwa halali na wanaoiba porini, na bila kuwapa muda. Na sisi wenyewe tuache kudhani kwamba mgeni maana yake ni mzungu. Wanafunzi wa Tanga mjini ambao hawajawahi kuuona msitu wa mvua ni wengi kuliko watalii wote wanaopanda Usambara. Wako wafanyakazi wanaokuja kwa ajili ya bomba la mafuta linaloishia Chongoleani. Ziko familia za Dar es Salaam zinazotafuta baridi mwezi wa Desemba. Hawa hawahitaji viza, wanajua bei ya kabichi, na wanaongea Kiswahili na bibi anayewapikia. Kijiji kikijifunza kumpokea Mtanzania vizuri, kwa choo safi, maji ya kunawa, bei iliyoandikwa na muda unaoheshimiwa, kitakuwa kimejifunza kumpokea kila mtu.

Niseme pia neno moja juu ya watoto. Mtoto anayekimbilia gari la mgeni akiomba pipi au kalamu ameacha kitu nyuma yake, mara nyingi darasa. Sheria ndogo ya kijiji inaweza kuagiza kwamba mgeni asitoe zawadi barabarani, bali aipeleke kwa mwalimu mkuu. Ni rahisi, haina gharama, na inawezekana kuanza muhula ujao.

Tuelekee wapi

Ndugu Mwenyekiti, kwa kuwa madiwani wapo hapa na bajeti bado haijafungwa, nitamalizia kwa maombi.

Kwanza, katika miaka mitatu ijayo kila halmashauri ya wilaya mkoani humu ichague vijiji vichache, viwili au vitatu, isijaribu kuvigusa vyote. Kila kijiji kikamilishe mpango wa matumizi ya ardhi na hati za kimila kabla ya jengo lolote la wageni kuwekewa msingi. Pili, vikundi vya akina mama wa Lushoto na Muheza viunganishwe na hoteli za Tanga na Pangani kwa mikataba ya msimu ya matunda, asali na jamu, na ofisa biashara wa wilaya awafundishe utoaji wa risiti, ambao kukosekana kwake ndiko kulikomkwamisha yule mpishi. Tatu, vyuo viandae mafunzo ya waongozaji wa misitu yatakayofundishwa msituni, na wazee wanaozijua dawa, miti na historia walipwe kama walimu. Nne, shule za sekondari za mkoa zitengewe nauli ili kila kidato cha pili kilale usiku mmoja kijijini, Amani au Mtae, na malipo yaende moja kwa moja kwa kaya zitakazowalaza. Hilo la nne likianza mwakani, kaya hizo zitapata uzoefu, kipato cha kwanza na imani kabla mgeni yeyote kutoka mbali hajafika.

Wakulima mliokuja leo, naomba msiondoke kabla ya kuzungumza na madiwani wenu kuhusu lile la ardhi, maana ndilo lisilosubiri. Baada ya chai tutagawanyika kwa wilaya. Mimi nitakaa na watu wa Muheza, kwa sababu nataka kusikia kutoka kwao mabanda ya vipepeo yamebaki mangapi, na inahitajika nini ili mengine yafunguliwe tena.

 Sasa nawakaribisha kwa maswali.